Herufi za heshima kwenye vyeti vyetu: zilitoka wapi, na je, jina linasomeka?

Katika parokia zetu nyingi msimu wa ubatizo ni msimu wa karatasi pia. Katibu anachukua orodha ya majina, anaenda kwenye sekretariati ya umma, ile nyumba ndogo ya kompyuta na mashini ya kuchapa iliyo karibu na soko, na kumwambia kijana wa kazi: "Utuwekee ile maandiko ya heshima." Kijana hahitaji maelezo mengine. Anafungua Word, anashuka katika orodha mpaka anafika kwenye herufi zilizoinama upande wa kuume, zilizoshikana mikono, zenye mikia inayozunguka kama moshi wa jikoni. Cheti cha ubatizo kinavaa herufi hizo. Vivyo hivyo cheti cha ndoa, diploma ya shule ya theolojia, mwaliko wa kumwekea mchungaji mikono, na kadi ya harusi ambayo familia itaitunza kabatini miaka arobaini.

Aina moja ya herufi zilizochorwa pamoja kwa mtindo mmoja huitwa fonti. Mafundi wetu wanaotumia Kifaransa husema "police", neno lile lile la askari, na nilimsikia mama mmoja akishtuka alipoambiwa kwamba cheti chake kina police mbaya. Hapa nitasema fonti tu.

Fonti za heshima ni nyingi. Katika Word mara nyingi utakuta Edwardian Script, Kunstler Script, Vivaldi na Monotype Corsiva. Nitaeleza moja kwa kirefu, Snell Roundhand, ambayo imo tayari ndani ya kompyuta za Apple na simu za iPhone. Nimeichagua kwa sababu historia yake inajulikana vizuri, na historia hiyo ina jambo ambalo sisi tunaoagiza vyeti tumelisahau: mwandiko huu haukuzaliwa kwenye kadi ya harusi. Ulikulia katika daftari la hesabu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusomeka.

Mwalimu wa mwandiko aliyekagua hesabu

Charles Snell (1667–1733) alikuwa mwalimu wa mwandiko jijini London. Leo tunaweza kushangaa kwamba mtu aliishi kwa kufundisha wengine kuandika vizuri, lakini London ya siku zile ilikuwa ikikua kwa biashara. Meli zilikuja na kuondoka, na kila mzigo ulihitaji barua, risiti, hati ya deni na ukurasa katika daftari. Mashini ya kuandika haikuwapo, wala fotokopi. Kijana aliyetafuta kazi katika nyumba ya mfanyabiashara alihitaji vitu viwili: kujua hesabu, na kuwa na mkono ambao mtu wa mji mwingine, asiyemjua kabisa, angeweza kuusoma bila kuuliza. Ndiyo maana walimu wengi kama Snell walifundisha yote mawili. Mwaka 1694 alichapisha kitabu cha mifano, The Pen-man's Treasury Open'd, na mwandiko wake wa mviringo ndio mzazi wa fonti inayobeba jina lake leo.

Yeye mwenyewe alikuwa mhasibu pia. Mwaka 1720 hisa za South Sea Company, zilizokuwa zimepandishwa bei kwa ahadi kubwa kubwa, zilianguka, na watu wengi Uingereza, wakubwa kwa wadogo, wakapoteza mali yao. Bunge likaanza kuchunguza. Mwaka 1721 Snell akatoa maelezo yake baada ya kukagua vitabu vya Sawbridge and Company, kampuni iliyohusiana na mmoja wa wakurugenzi wa South Sea. Wanahistoria wa uhasibu huyahesabu maelezo hayo kati ya ripoti za kwanza kabisa za ukaguzi wa hesabu. Watunza hazina wa parokia wafurahi: babu wa herufi za cheti chao alikuwa mtu wa kukagua madaftari.

Sasa, mwandiko wenyewe ulifanywaje? Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini, uliochongwa kwa kisu mpaka ukawa na ncha nyembamba, na ncha hiyo ikapasuliwa katikati kidogo. Mkono unaposhuka, mwandishi anakandamiza; mpasuko unafunguka, wino unatoka mwingi, na mstari unanenepa. Mkono unapopanda, anaachilia. Mpasuko unajifunga na mstari unakuwa uzi. Huo ndio mpango wote. Ukiangalia neno lolote lililoandikwa kwa Snell Roundhand utaona kwamba kila mstari unaoshuka ni mnene na kila mstari unaopanda ni mwembamba, bila ubaguzi. Unene huo haukuwekwa pale kwa kupamba tu. Ni alama ya uzito wa mkono wa mtu.

Herufi zimeinama kwa sababu mkono unaosafiri kutoka kushoto kwenda kuume huinama hivyo wenyewe unapoharakisha. Zimeungana kwa sababu kuinua kalamu kila mara ni kupoteza wakati na kudondosha wino. Na ni za mviringo, kwa maana o, a, d na g zimejengwa juu ya umbo moja la yai, ili mkono urudie mwendo mmoja tu na jicho lizoee haraka. Kila kitu ndani yake kilikuwa na sababu ya kazi.

Hapo ndipo walimu wa London waligombana, na ugomvi wao ungali unafaa kusikiwa. Snell alitaka herufi zifuate kanuni zilizopimwa, na hakupenda madoido, yaani zile kamba za wino zilizozungushwa kuwa ndege, samaki na malaika pembeni mwa ukurasa. Kwake, madoido yalimfundisha mwanafunzi kucheza badala ya kuandika. George Shelley, mwalimu wa mwandiko katika shule ya Christ's Hospital, hakuona hivyo. Yeye alipenda mkono unaoruka. Walibishana katika maandishi yaliyochapwa, tena kwa maneno makali. Ukikaa katika kamati ya kuandaa sikukuu utakutana na Snell na Shelley, mmoja akisema "weka maua", mwingine akisema "ondoa maua".

Mafundi wa kuchora juu ya mabamba ya shaba walizidisha uzuri huo. Kitabu cha mwandiko hakikupangwa kwa herufi za risasi. Fundi alinakili ukurasa wa mwalimu kwa kuchimba shaba kwa kichuma chenye ncha kali, kisha bamba likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Shaba inakubali uzi mwembamba kuliko unyoya wowote. Basi vitabu vikaonyesha nyuzi nyembamba ajabu, na wanafunzi wakajaribu kuiga kwa kalamu kile ambacho kichuma kilifanya. Kazi kubwa kuliko zote za namna hiyo ni The Universal Penman ya George Bickham, iliyotolewa kwa sehemu kati ya 1733 na 1741, yenye mabamba 212 ya mwandiko wa walimu mbalimbali. Kutoka humo nako wachoraji wa siku zetu wamechota: fonti ya Bickham Script, ya mwaka 1997, inaitwa kwa jina lake.

Ulivyotufikia

Biashara ya Waingereza ilibeba mwandiko huu mbali. Wafaransa waliupokea na kuuita "anglaise", yaani wa Kiingereza, na jina hilo lingali likitumika kwa Kifaransa mpaka leo. Ubelgiji nayo iliutumia. Ule mwandiko wa kuunganisha ambao mtoto wa shule ya msingi kwetu anajifunza katika daftari lenye mistari, kwa kufuatisha mfano wa mwalimu ubaoni, ni mjukuu wa mkono huo wa mviringo. Wazee wetu waliosoma kwa kalamu ya ncha ya chuma na kichupa cha wino wanajua vizuri habari ya kukandamiza unaposhuka na kuachilia unapopanda. Wengine walipigwa vidole kwa ajili yake. Labda ndiyo sababu herufi hizi zikionekana kwenye karatasi, mzee anaona heshima. Anakumbuka mkono wa mwalimu, wa karani, wa mtu aliyesoma.

Monotype Corsiva, ile ambayo labda ndiyo inayoonekana zaidi kwenye vyeti vya kwetu, ni ya ukoo mwingine. Ilichorwa na Patricia Saunders na kutolewa mwaka 1991, na inafuata mkono wa makarani wa Italia wa karne ya 16, walioandika kwa kalamu yenye ncha pana. Herufi zake zinaegemea lakini haziungani. Kwa sababu hiyo inasomeka vizuri kuliko dada zake, na mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya zile zilizo katika Word, ndiyo ninayoichagua, hata kama mafundi wa mijini wanaicheka kuwa imezoeleka mno.

Kwa nini risasi ilishindwa

Kwa karne nyingi vitabu vilipangwa kwa herufi za risasi. Kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha chuma chenye pembe nne, na vipande vikapangwa bega kwa bega. Kwa herufi za kawaida hilo halina shida. Lakini herufi iliyoinama na yenye mkia haitaki kukaa ndani ya sanduku. Kichwa chake kinataka kuingia juu ya jirani, na mkia wake unataka kupita chini ya mwingine. Wachongaji walijaribu kuacha sehemu hizo zitokeze nje ya kipande, zikavunjika mashinini. Mwanzoni mwa karne ya 19, Firmin Didot wa Paris alitengeneza vipande vilivyokatwa kwa upande kufuata mwinamo wa herufi, kazi ya akili sana, lakini ilikuwa ya gharama na taabu. Kisha ikaja mashini ya Linotype iliyomwaga mstari mzima wa risasi kwa mara moja, na hiyo haikuruhusu herufi kuingia katika nafasi ya jirani hata kidogo. Mwandiko wa mkono ukabaki nje ya mlango.

Mlango ulifunguka wakati wa kupanga maandishi kwa mwanga. Katika mashini hizo mpya herufi haikuwa kipande cha chuma tena, ilikuwa picha ndogo ambayo mwanga ulipita ndani yake na kuipiga kwenye filamu. Kivuli hakina pembe. Kinaweza kulala juu ya kivuli kingine bila kuvunjika.

Aliyetumia nafasi hiyo ni Matthew Carter, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1937, mwana wa Harry Carter, mwanahistoria wa herufi za uchapaji. Alipokuwa kijana Matthew alienda Haarlem, Uholanzi, kwenye nyumba ya uchapaji ya Enschedé, akajifunza kuchonga herufi katika chuma kwa mkono, ufundi uliokuwa tayari unakufa. Mwaka 1965 alianza kazi katika kampuni ya Mergenthaler Linotype, New York. Mwaka 1966 ikatoka Snell Roundhand.

Tatizo alilopaswa kulitatua linaelezeka kwa urahisi. Mtu anapoandika kwa mkono, anajua herufi ipi inafuata, naye anaurekebisha uzi wa kuunganisha. Mashini haijui. Herufi n lazima iungane vizuri na a, na e, na o, na s, na nyingine zote, bila kujua nani atakuja. Kwa hiyo Carter alipaswa kuhakikisha kwamba uzi unaotoka katika kila herufi unaondoka kwa mwinamo uleule na kwa kimo kilekile, na kwamba kila herufi inayopokea inaupokea mahali palepale. Kosa la upana wa unywele lingeonekana kama ufa katikati ya neno. Andika neno refu kwa Snell Roundhand, ulikuze katika skrini, utafute kiungo. Ni vigumu kukiona. Ni kama kikapu kizuri cha kwetu, usichoweza kuonyesha mfumaji alianzia wapi.

Mwaka 1972 Carter akatoa fonti nyingine kutoka zama zilezile, na safari hii alimchukua mpinzani: Shelley Script. Aliifanya katika namna tatu, Andante, Allegro na Volante, majina ya mwendo wa muziki, na tofauti yao iko hasa katika wingi wa madoido ya herufi kubwa. Andante inatembea, Volante inaruka. Basi wale walimu wawili waliogombana leo wanakaa katika kazi za mtu mmoja.

Jambo jingine la Carter linanigusa. Huyu mchoraji wa herufi za harusi ndiye aliyechora Bell Centennial mwaka 1978, kwa ajili ya vitabu vya simu vya Marekani, ambamo majina na namba vilichapwa kwa herufi ndogo sana kwenye karatasi hafifu, na wino ulikuwa unatambaa. Alizikata pembe za herufi ndani kwa ndani kusudi wino upate pa kujaa bila kuziba umbo. Baadaye akachora Verdana na Georgia kwa Microsoft, ambazo labda unazisoma kila siku bila kujua. Mtu aliyejua urembo hivyo alitumia miaka mingi ya maisha yake kuhangaikia namba ya simu isomeke.

Jina la mtu katika herufi kubwa tupu

Sasa nifike penye maumivu. Sisi tulirithi kutoka kwa Kifaransa cha ofisi desturi ya kuandika jina la ukoo kwa herufi kubwa zote. Desturi hiyo ni nzuri kwa herufi za kawaida, kwa sababu inaonyesha jina lipi ni lipi. Lakini fonti ya mwandiko ina sheria yake: herufi kubwa ni moja tu, mwanzoni mwa neno, nayo imetengenezwa ili iwe mlango mkubwa wa nyumba. Herufi ndogo zinazofuata ndizo nyumba. Ukibonyeza Verr Maj na kuandika jina lote kwa herufi kubwa za Snell au Edwardian, umejenga milango saba na hakuna nyumba. Kila mmoja unafunguka juu ya mwingine. Mikia inagongana, haziungani, na jicho halioni neno.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alikuja kwangu na bahasha ya plastiki. Walikuwa wamekimbia vita, nyumba ikaachwa na vyote, lakini bahasha hiyo aliibeba kifuani. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa yake ya kanisani, tena fotokopi, kwa sababu cheti chenyewe kilibaki katika nyumba iliyoungua. Mume wake aliitwa Kambale, jina la maelfu ya watu kwetu. Kwenye cheti lilikuwa limeandikwa KAMBALE, herufi kubwa saba za mwandiko wa heshima, na fotokopi ilikuwa imekula nyuzi zote nyembamba. Ilibaki mistari minene tu, kama miti baada ya moto. Ofisi aliyokwenda kuomba haki ya marehemu ilisoma H mahali pa K, ikaona herufi nyingine ambazo hata mimi sikuzitambua, ikasema: mama, hili si jina lililo kwenye barua ya kazi ya mume wako. Alirudishwa mara mbili. Cheti cha kanisa si cheti cha serikali, tunajua. Lakini kwa mtu asiyebaki na karatasi nyingine, ndicho ushahidi unaoanzisha maneno. Ilichukua miezi kupata rejista ya parokia ile na kuandika barua ya kuthibitisha, kwa herufi za kawaida kabisa. Fundi aliyechapa cheti alitaka kumheshimu Kambale. Sidhani kuna mtu anayeweza kumlaumu.

Kuna herufi ambazo katika mwandiko huu hufanana hata bila fotokopi. I na J kubwa ni kama mapacha. T na F mara nyingi hutofautiana kwa kistari kidogo tu katikati. S na L zote mbili zina kitanzi juu na kitanzi chini. K na H nimekwisha kuzitaja. Msomaji wa Ulaya hashindwi sana, kwa sababu anakisia: akiona Jean hawezi kusoma Iean. Kwetu kukisia kunashindikana. Nchi yetu ina lugha nyingi mno. Jina la Mshi halijulikani kwa karani wa Kinshasa, na la Mluba halijulikani kwa karani wa Beni. Anayesoma jina asilolijua anategemea herufi peke yake. Nabii Habakuki aliagizwa aandike maono kwa wazi juu ya mbao, kusudi hata msomaji mwenye mbio asome. Kwa jina la mtu aliyebatizwa tunadaiwa walau hicho.

Tuitumieje basi

Sisemi tuziache. Siku ya kuwekewa mikono si siku ya risiti ya mafuta, na macho ya watu yanapaswa kuliona hilo kwenye karatasi kabla hawajasoma neno. Ninasema fonti hii ipewe kazi yake na isipewe kazi ya nyingine.

Kazi yake ni maneno machache na makubwa: kichwa "Cheti cha Ubatizo", au jina la maharusi kwenye mwaliko. Ukubwa usishuke chini ya 24, maana chini ya hapo nyuzi zinakuwa nyembamba kuliko uwezo wa mashini nyingi za kuchapa tulizo nazo. Jina kwenye cheti laweza kuandikwa hivyo pia, kwa herufi kubwa moja mwanzoni: Kambale, siyo KAMBALE. Lakini chini yake, kwa herufi za kawaida zilizosimama, jina lilelile lirudiwe pamoja na tarehe, mahali, majina ya wazazi na namba ya rejista. Hiyo ndiyo sehemu ambayo karani atasoma. Haipunguzi uzuri wa karatasi. Vyeti vizuri nilivyoviona vina herufi za namna mbili, moja ya kuimba na moja ya kusema.

Aya nzima kwa mwandiko huu ni adhabu. Nimepokea mialiko yenye historia ya familia mbili, ratiba, mahali pa mapokezi na namba tatu za simu, yote kwa Edwardian Script ya ukubwa wa 12. Nilifika kwa kumpigia simu jirani.

Usitanue nafasi kati ya herufi. Vijana wa sekretariati hupenda kufanya hivyo ili jina lijaze mstari, na kwa herufi za kawaida haina ubaya. Hapa inakata viungo vyote ambavyo Carter alihangaika navyo, na neno linakuwa mnyororo uliokatika. Kama nafasi ni kubwa, kuza herufi. Snell Roundhand ina uzito wa aina tatu, wa kawaida, mnene na mnene zaidi. Kwa karatasi itakayopigwa fotokopi au picha ya simu na kutumwa kwa WhatsApp, ule mnene unavumilia vizuri zaidi.

Anayeandika Kilingala kwa herufi ɛ na ɔ ajaribu kwanza. Fonti nyingi za mwandiko hazina herufi hizo, na kompyuta huazima kutoka fonti nyingine bila kukuambia. Unapata neno lenye mgeni mmoja aliyesimama wima katikati ya watu walioinama.

Kuhusu bei, Snell Roundhand inakuja na vifaa vya Apple, na haki ya kuitumia haihami kwa kuinakili katika kompyuta nyingine kwa USB. Parokia isiyo na vifaa hivyo haina sababu ya kuiba. Ziko fonti za bure za ukoo uleule: Pinyon Script ya Nicole Fally, ambayo ni ya mviringo hasa, na Great Vibes ya Robert Leuschke, yenye madoido zaidi kwa wale wa upande wa Shelley. Zote mbili zinapatikana katika Google Fonts chini ya leseni iitwayo SIL Open Font License, inayoruhusu kutumia, kunakili na kugawa. Leseni hiyo iliandaliwa na SIL, shirika la Kikristo linalojulikana kwa kazi ya lugha na tafsiri ya Biblia, lililohitaji fonti zenye herufi za lugha ndogo ambazo makampuni hayakuziona zina faida. Toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007, na leo wachoraji wa dunia nzima wanalitumia.

Na kabla ya kuchapa vyeti hamsini, katibu achape kimoja. Akipige fotokopi, kisha apige fotokopi ya fotokopi, ampe mtu wa parokia nyingine asiyemjua mbatizwa, amwambie asome jina kwa sauti. Akikwama kwenye herufi moja, fonti ibadilishwe kabla ya zile arobaini na tisa nyingine kutoka mashinini.